Sheria ya Walioumwa na Mpambe

TANGAZO KWA UMMA. Serikali Tukufu, kwa unyenyekevu wake unaojulikana hadi nje ya mipaka, inapenda kuwatangazia wananchi wote, walio hai na wanaotarajia kuwa hai, kwamba leo Jumatatu saa tatu kamili asubuhi Bunge litajadili, kwa hekima, utulivu na upendo, hoja isemayo kwamba mvutano wa vyama bungeni haudhuru mustakabali wa nchi. Wananchi wasiwe na wasiwasi. Watoto waruhusiwe kusikiliza redioni ili wajifunze ustaarabu.

Saa tatu na dakika sita redio zote nchini zilitoa sauti ya kitu kinachopasuka. Wasikilizaji walidhani ni kiti. Kiti kilikuwa kizima kabisa. Kilichopasuka ni paji la uso la mbunge aliyekuwa akitoa maneno ya utangulizi kuhusu upendo.

"Mjadala umeanza vizuri," alisema mtangazaji.

Nchi yenyewe haiwezi kutajwa hapa, na si kwa sababu ya woga. Haina jina. Muswada wa kuipa jina umelala mezani tangu siku ya uhuru, na waliojaribu kuuamsha wamezikwa kwa heshima zote. Ina vyama viwili. Kimoja kinaitwa Chama cha Umoja, na rangi yake ni pinki. Kingine kilijitenga nacho kwa kupigana mapanga juu ya maana ya umoja, kikajiita Chama cha Umoja wa Kweli, na rangi yake ni kijivu. Watu wamezoea kuwaita Wanaumoja na Wakweli.

Mtu aliyekuwa karibu kuliko wote na lile paji la uso alikuwa Bwana Mhina Shekivuli, Mpambe wa Bunge. Kazi ya Mpambe ni kumtangulia Spika akiwa amebeba siwa, yaani lile rungu la fedha ambalo ndilo heshima ya Bunge, kulilaza mezani mbele ya Waheshimiwa, na kuhakikisha kwamba hakuna anayelitumia. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyomwachia vidole vinane. Waheshimiwa wakishaondoka, Mpambe huchukua fagio na kukusanya meno. Kanuni ya sabini na moja inasema kwamba jino likishatoka kinywani mwa mbunge ni mali ya umma. Huoshwa, huandikwa tarehe, hutiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo la mwaka ule lilikuwa la tano, na mwaka ulikuwa bado mwezi wa Machi.

Lakini Jumatatu ile Mhina hakuwa na habari na meno. Macho yake yalikuwa kwenye orodha ya shughuli za siku. Shughuli ya kwanza ilikuwa ule mjadala wa mustakabali. Shughuli ya pili ilikuwa mstari mmoja tu: Kuruhusu chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe kwa wananchi.

Ijumaa iliyotangulia, binti yake wa pekee, Semeni, alikuwa ameumwa na mbwa mkononi. Semeni alikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni, mwerevu, mtiifu na mwenye sura nzuri, kwa mujibu wa vyanzo vya kuaminika. Mbwa mwenyewe alikuwa akitoa udenda na baada ya hapo aliuma miti miwili na baiskeli ya mwalimu wa zamu, kisha akafa. Kila mtu alielewa. Mtu akishaumwa na mbwa kama huyo, anachomwa sindano mapema au anachimbiwa kaburi baadaye. Siku ile atakayoanza kuogopa maji, dawa yake ni sanda.

Chanjo ilikuwapo. Chupa mia nne zilikuwa kwenye jokofu moja, katika zahanati ya Bunge lenyewe, hatua arobaini kutoka pale Mhina aliposimama. Hazikuwa zimetolewa kwa sababu vyama havijakubaliana zisambazwe katika masanduku ya pinki au ya kijivu. Kwingine hakukuwa na hata tone.

Sasa inafaa mjue namna Bunge lile lilivyokuwa likipiga kura, maana ndipo hasa palipokuwa na ugonjwa.

Spika wa kwanza wa nchi ile alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Aliona kumuuliza Mheshimiwa "Unakubali?" ni kumsukuma. Akaweka utaratibu kwamba swali liulizwe kwa adabu, hivi: "Waheshimiwa, hamkubali?" Basi Wanaumoja hujibu kwa sauti moja, "Ndiyoooo!" wakimaanisha ndiyo, tunakubali. Nao Wakweli hujibu kwa sauti moja, "Ndiyoooo!" wakimaanisha ndiyo, hatukubali. Spika husema, "Nafikiri waliosema Ndiyo wameshinda." Ukumbi mzima hulipuka kwa vigelegele. Kisha kila upande humtazama mwenzake na kujiuliza: hawa nao wanashangilia nini?

Hapo ndipo viti huruka. Kura hupigwa, na wapigaji nao hupigwa. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na moja mfululizo. Katika muda wote huo, mtu pekee aliyewahi kuunga mkono ndani ya Bunge lile alikuwa Nesi Prisila wa zahanati, na aliuunga kwa vibao na plasta.

Jumatatu ile mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu hoja yenyewe ilikuwa na "haudhuru" ndani yake. Spika Lugendo alisimama, akasafisha koo, akauliza, "Waheshimiwa, hamkubali kwamba mvutano wa vyama haudhuru mustakabali wa nchi?" Kisha akakaa akihesabu vidole, maana hata yeye hakujua ameuliza nini.

"Ndiyoooo!" walijibu wote.

Mheshimiwa mmoja wa Wakweli alithibitisha kwamba mvutano haudhuru kwa kumpiga jirani yake kwa Katiba, toleo la jalada gumu. Jirani alithibitisha kwamba unadhuru kwa kuanguka. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!" alipiga kelele mwingine huku amekabwa na tai yake mwenyewe. "Taarifa!" alijibu aliyekuwa akimkaba. Mhina alilikumbatia siwa kifuani kama mtoto mchanga, akavumilia mateke mpaka saa sita. Bunge likaahirishwa kwa sababu sakafu ilikuwa inateleza.

Shughuli ya pili haikufikiwa.

*

"Nesi, chupa moja tu," alisema Mhina mlangoni mwa zahanati. Nesi Prisila alikuwa akimshona Mheshimiwa nyusi.

"Kaka Mhina, mimi ningekupa hata nne, ndizo anazohitaji mtoto. Lakini waulize hao."

Pembeni mwa jokofu walisimama walinzi wawili, mmoja amevaa fulana ya pinki, mwingine ya kijivu. Kila mmoja alikuwa na panga lililonolewa vizuri.

"Shikamoo, mzee," alisema wa pinki kwa adabu. "Ukigusa mlango, nakata mkono wa kulia."

"Marahaba," alisema Mhina.

"Mimi wa kushoto," alisema wa kijivu. "Tumegawana. Hapa hakuna upendeleo."

"Kumbe mnaweza kukubaliana?"

"Katika kukata, mzee, hatujawahi kutofautiana."

Mhina aliangalia kioo cha jokofu. Chupa zilikuwa zimepangwa kama wanafunzi paredi, vifuniko vyekundu mbele, mia nne, baridi, hazina habari.

Alikwenda kwa kiongozi wa Wanaumoja, Mheshimiwa Daktari Mafuru, aliyekuwa amelala kitanda cha tatu akipozwa uvimbe kwa barafu. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa na yeye mwenyewe.

"Bwana Mpambe," alisema Daktari bila kufumbua jicho, maana lilikuwa halifumbuki, "chama changu kinampenda sana binti yako. Vijana ndio taifa la kesho."

"Ndiyo maana naomba aipate hiyo kesho, Mheshimiwa."

"Kesho nitalizungumza. Lakini masanduku yawe ya pinki. Mtoto akipona kwa sanduku la kijivu, atakuwa amepona kwa uongo."

Akaenda kwa kiongozi wa Wakweli, Mheshimiwa Bi Tungaraza, kitanda cha nne. Huyu alikuwa amefungwa bendeji kichwani kiasi kwamba alionekana mdomo tu, na mdomo ulikuwa unatosha.

"Mpambe, mimi ni mama. Nina uchungu wa mama. Sanduku likiwa la kijivu, hata leo naachia."

"Na likiwa la pinki?"

"Likiwa la pinki, bora mtoto..." Akalamba midomo. "Bora tuzingatie utaratibu."

Jumanne walirudi kwenye mustakabali. Mbunge mmoja aling'olewa kucha tatu wakati akiomba mwongozo wa Spika. Jumatano mustakabali tena. Safari hii Wanaumoja waliingia na mabomba ya maji, Wakweli na minyororo ya baiskeli, na mhasibu wa Bunge akatangaza kwamba viti vilivyobaki ni kumi na saba, hivyo wajumbe wengine wapigane wakiwa wamesimama. Shughuli ya pili ilibaki ya pili.

Nyumbani, alikomrudisha Semeni kutoka bwenini, Mhina alikuwa na utaratibu wake. Mkewe alikwisha fariki, kwa hiyo hakuwa na wa kumficha. Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, alimimina maji kwenye glasi, akampa Semeni, akakaa mbele yake.

"Kunywa, mwanangu."

"Baba, nimekunywa chai sasa hivi."

"Kunywa maji. Taratibu. Nikuone."

Semeni alikunywa, na baba yake alitazama koo lake kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha mtihani. Maji yalipopita, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, akaosha glasi mwenyewe, akaenda kubeba heshima ya Bunge.

Alhamisi asubuhi maji yalipita, lakini Semeni alikohoa kidogo. Kikohozi tu, cha kupaliwa. Mhina hakusema alhamdulillahi. Alisema, "Vaa viatu. Leo unakwenda na mimi."

Akamweka benchi la zahanati na daftari lake la Jiografia, akamwambia asisogee hata paa likianguka. Kisha akaingia msalani kwa Waheshimiwa, akachukua kipande cha sabuni ya kunawia, akakitazama. Sabuni ile ilikuwa nyeupe. Pengine ndicho kitu pekee katika jengo lile kisicho na chama. Akakitia mdomoni, akatafuna.

*

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawakusema itakuwaje siku nyasi zikiota meno.

Saa nne kasoro robo, Spika Lugendo alikuwa ndiyo kwanza anauliza kuhusu mustakabali, na Waheshimiwa walikuwa wamevuta pumzi kwa ajili ya Ndiyo, siwa lilipoanguka sakafuni. Halikuwahi kuanguka. Wote wakageuka. Mpambe alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, macho mekundu kwa sababu sabuni inawasha, povu limemjaa mdomoni na kudondoka kwenye vifungo vya dhahabu vya sare.

"Bwana Mpambe," alisema Spika, "una hoja?"

Mpambe akabweka.

Kisha akaruka meza. Daktari Mafuru alijaribu kujikinga kwa ilani ya uchaguzi, lakini ilani ilikuwa nyembamba. Mpambe alimshika sikio la kushoto, lile ambalo Daktari hulitumia kutosikiliza upinzani, akaling'ata mpaka meno yakakutana. Wakweli walishangilia kwa sekunde nne hivi. Sekunde ya tano alikuwa upande wao, ananing'inia kwenye bega la Bi Tungaraza, na bendeji nyeupe inageuka nyekundu. Aliuma kwa usawa, kila chama mara moja, maana Mpambe hana upande.

"Kichaa!" ilipigwa kelele. "Ana kichaa cha mbwa! Ameambukizwa na bintiye!"

Wote walikimbilia mlango mmoja. Mbavu zilizovunjika mlangoni pale zilizidi za mwaka mzima uliopita. Mlango ukaziba kwa nyama ya Waheshimiwa, wala hakuna aliyetoka.

Spika Lugendo alipanda juu ya kiti chake, akakunja joho magotini. "Waheshimiwa! Kuhusu ile chanjo! Hamku..." Akasita. "Hamkubali?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, watu wazima mia mbili walikuwa wakitafakari neno moja. Ungesikia povu likidondoka.

"Tunakubali!" alipaza sauti Daktari Mafuru, ameshika pale lilipokuwa sikio.

"Tunakubali, tena sana!" alisema Bi Tungaraza.

"Na rangi ya masanduku?" aliuliza Spika.

"Rangi yoyote! Hata madoadoa!"

Sheria iliandikwa chini ya meza na kupitishwa kwa dakika nne. Magazeti yalisema baadaye kwamba hatimaye nchi ilikuwa imepata sheria yenye meno. Ilisema hivi: Chanjo itolewe mara moja kwa mtu yeyote aliyeumwa na Mpambe wa Bunge, wala si mwingine. Hilo la "wala si mwingine" liliongezwa na Bi Tungaraza, ili Wanaumoja wasije kuwagawia wapiga kura wao. Daktari Mafuru aliafiki papo hapo, ili Wakweli wasije kuwagawia wa kwao.

Ndipo walipopata ujasiri wa kumrukia Mpambe. Walimwangusha kwa nyaya za vipaza sauti, wakamfunga mikono nyuma, wakampiga kwa ushirikiano ambao haukuwahi kuonekana. Aliyeshika siwa alikuwa wa pinki, aliyemshika miguu alikuwa wa kijivu. Mbavu zake mbili zilivunjika. Mhina hakupiga kelele. Alikuwa akihesabu hatua arobaini.

Walimburuta zahanati ili anyongwe au achomwe sindano ya usingizi, hawakuwa wameamua, na hapo tayari palikuwa na foleni. Mhina alikuwa ameuma watu wawili. Waliopanga foleni walikuwa sitini na wanne, na kila mmoja alikuwa na alama za meno mkononi. Baadhi walikuwa bado wanajiuma huku wanasubiri. Mmoja alikuwa amesahau meno yake ya bandia yakiwa yamekwama kwenye ngozi.

Mhina alitema povu sakafuni. "Nesi, hii ni sabuni. Mimi sina ugonjwa. Mchome binti yangu."

Semeni alikuwa bado benchi, daftari mapajani, hajasogea.

Nesi Prisila alishika chupa mkononi, akamtazama mtoto, akawatazama walinzi. Mapanga yote mawili yaliinuka.

"Huyo ameumwa na mbwa," alisema wa pinki. "Sheria inasema Mpambe."

"Wala si mwingine," alisema wa kijivu.

"Sikilizeni nyie vijana, ni mtoto huyu!" alisema Nesi.

"Shangazi, sisi hatukuandika. Lete mkono wako karibu na huyo mtoto, uone."

Mhina alikuwa amepiga magoti, mikono imefungwa, damu inamtoka puani. Aliwaza kwa muda mfupi sana. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazini, "Nesi, mimi bado ni Mpambe wa Bunge?"

Nesi alimwangalia bila kuelewa. Halafu akaelewa, akaweka mkono mdomoni. "Kufukuzwa kwako lazima kupitishwe na Bunge, kaka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado ni Mpambe. Kwa miaka kumi na moja mingine, hivi."

"Semeni, njoo hapa, mwanangu. Kunja mkono wa shati. Hapana, ule mzima."

Semeni alisogea, akapiga magoti mbele ya baba yake, akanyoosha mkono. Walinzi walitazamana, hakuna kifungu kilichokataza. Mhina alimtazama binti yake kwanza, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kupita mbele ya wakubwa. Mdomo wake ulinuka sabuni na damu za watu wawili. Akainamisha kichwa, akafungua kinywa, akaning'ata.

Naam. Nimeandika "akaning'ata".

Nilikuwa nimejitahidi. Nimesema "akamwambia", nimesema "akampa", nimejisifu sura nzuri kwa niaba ya vyanzo vya kuaminika, nimefika hadi hapa salama, halafu silabi moja imenitoroka. Ningeifuta, lakini mmeshaiona. Haya, nimekamatwa. Mimi ndiye Semeni Mhina, kidato cha tatu.

Aliniuma kweli. Walinzi walikuwa wanaangalia, na Nesi alihitaji damu ya kuandika kwenye fomu. Nililia kama mbuzi. Yeye naye alilia, meno yakiwa bado mkononi mwangu. Yule wa kijivu alipima alama kwa rula, akamwambia wa pinki, "Ya Mpambe hii," na mapanga yakashuka. Nikachomwa ya kwanza hapohapo, na nyingine tatu kwa tarehe zake. Baba alipewa miaka sita kwa kumwaga damu tukufu. Bunge linasema litajadili msamaha wake likishamaliza ile hoja ya mustakabali, na hadi leo asubuhi lilikuwa limefika kwenye minyororo.

Na kwa kuwa nimeshakamatwa, niseme na lile lingine, maana hilo hakuna aliyeniuliza.

Baba anaamini niliumwa nikimchotea maji mpishi wa shule. Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo alivyomwambia hakimu, kwa fahari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nyuma ya jiko na makopo mawili ya rangi na brashi. Tulikuwa na mpango, mimi na wenzangu wa bweni, wa kupaka mbwa wawili, mmoja pinki, mmoja kijivu, na kuwaachia kwenye mkutano wa hadhara tuone kama nao watapigana. Wa kijivu alitulia, alipendeza hata. Wa pili alikuwa anatoa udenda, nikadhani ana njaa. Nilimshika mkia. Yule mbwa hakunifuata. Mimi ndiye niliyemfuata.

Jumapili ijayo ni siku ya kutembelea wafungwa. Nitamwambia mwenyewe, pale kwenye wavu. Na kama akitaka kuniuma tena, nitapenyeza mkono.